Viti viwili vitupu, majina tele: Nani atakuja Naivasha Machi?

SHABIKI wa Safari Rally aliyezoea kurauka kabla ya jua, akajifunga leso puani pale Soysambu na kusubiri wingu la vumbi la gari la Kalle Rovanperä, mwaka ujao atasubiri sana. Kijana huyo wa Finland hayuko tena. Ott Tänak wa Estonia naye hayuko. Wawili hao wana mataji matatu ya dunia kati yao, na wote wamefunga virago, mmoja akitangaza Oktoba na mwingine Novemba, kana kwamba walipeana zamu mlangoni.

Msimu wa 2025 ulikamilika Saudi Arabia mwishoni mwa Novemba, Mfaransa Sébastien Ogier akitwaa taji lake la tisa na kumfikia Mfaransa mwenzake Sébastien Loeb. Hata kabla vumbi la jangwani halijatua, mazungumzo yalikuwa yashahamia kwingine: nani atakalia usukani gani 2026? Monte Carlo ni Januari, Sweden ni Februari, na Safari, duru ya tatu kati ya 14, ni Machi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwenye mbio za magari, lakini, huja likiwa na kandarasi iliyotiwa sahihi, au lisije kabisa.

Shida ya kwanza ni hesabu. Dereva akikosa kiti ngazi ya juu hana timu 20 za kubisha hodi kama mwanasoka. Kuna kambi tatu tu: Toyota yenye makao Jyväskylä, Finland, Hyundai iliyo Alzenau, Ujerumani, na M-Sport ya Uingereza inayounda Ford Puma. Ukiwachukua madereva wote wa magari ya Rally1 wanaoshiriki msimu mzima, hawajazi matatu moja ya abiria 14. Ndiyo maana wawili wakishuka, kituo kizima hujaa watu wanaosukumana.

Kuondoka kwa Rovanperä ndiko kulikowashtua wengi. Ana umri wa miaka 25. Alikuwa bingwa wa dunia 2022 siku moja tu baada ya kutimiza miaka 22, akawa mdogo kuliko bingwa yeyote aliyemtangulia, kisha akarudia 2023. Naivasha alishinda mara mbili, 2022 na 2024. Sasa anaenda Japan kuendesha Super Formula, yale magari ya kiti kimoja yanayozunguka kwenye lami safi, hakuna jiwe, hakuna pundamilia. Kuna wanaoona amepotea njia. Lakini aliyemfuatilia vizuri hakushangaa sana: 2024 tayari alikuwa amepunguza duru baada ya kutwaa mataji mawili, na huyu ni mtoto aliyekuwa akichezea magari barafuni wakati wenzake wanajifunza kuandika, mwana wa Harri Rovanperä aliyeshinda Sweden 2001. Mtu akianza kazi akiwa na miaka minane, akifika 25 ana haki ya kuichoka.

Tänak ni habari tofauti. Ana miaka 38, bingwa wa 2019 akiwa na Toyota, akagura kwenda Hyundai, akaenda M-Sport 2023, akarudi Hyundai 2024. Ni yule yule ambaye gari lake lilitumbukia bwawani Mexico 2015 likazama lote, likaopolewa, na akaendelea na mashindano. Amesema anapumzika ili awe na familia yake. Hakusema anastaafu, na hilo neno dogo limetosha kuwaacha mashabiki wake na matumaini.

Mvulana aliyetupwa akaokotwa

Kiti cha Rovanperä hakikukaa kitupu hata kidogo. Toyota ilimpa Oliver Solberg, na hapo ndipo kuna hadithi tamu kuliko zote za kipindi hiki.

Oliver ni mtoto wa Petter Solberg, bingwa wa dunia wa 2003 na Subaru, jina ambalo madereva wa Subaru wa Nairobi bado hulitaja kama wanamtaja mjomba. Kijana aliingia Hyundai mapema mno, akapewa gari mara moja-moja 2022 huku akigawana na wengine, akafanya makosa ya ujana, na msimu ulipokaribia kwisha akaonyeshwa mlango. Alikuwa na miaka 21. Wengi wakitemwa na timu kubwa wakiwa na umri huo hawaonekani tena. Yeye alishuka ngazi, akarudi kuendesha Rally2 na kuanza kupanda upya, taratibu.

Halafu Julai 2025 Toyota ikamkabidhi GR Yaris Rally1 kwa duru moja tu, Estonia. Hakuwa amewahi kushindana katika gari hilo. Alishinda. Alimshinda Tänak nyumbani kwake, mbele ya watu wake, na Thierry Neuville akawa wa tatu. Hyundai iliyomtupa ilimaliza ya pili na ya tatu nyuma ya kijana iliyesema hajakomaa. Mwaka huo huo akatwaa ubingwa wa WRC2. Baada ya hapo ingekuwa ajabu kama Toyota ingemwacha aende.

Swali ni kama atahimili msimu mzima. Estonia ni barabara za kasi, laini, zenye miruko. Ukiwa na moyo na mwelekezi mzuri, unaweza kushinda. Safari haitaki hivyo. Mkondo wa Sleeping Warrior humwadhibu anayekanyaga mafuta pale ambapo mwenye busara angeinua mguu, na gari la Rally1 likivunjika mkono wa gurudumu huko ndani, hakuna fundi. Solberg mdogo bado hajaonyesha kwamba anajua kwenda polepole. Hilo si tusi. Rovanperä mwenyewe ilimbidi ajifunze.

Ogier na ufagio wa Evans

Toyota ilishinda duru 12 kati ya 14 mwaka 2025. Ogier sita, Rovanperä tatu, Elfyn Evans mbili, Solberg moja. Hyundai iliokota mbili tu, Tänak Ugiriki na Neuville Saudi Arabia. Ukitazama takwimu hizo unaweza kudhani Toyota inalala usingizi mnono. Haiwezi. Duru tatu kati ya hizo 12 zimeondoka na Rovanperä, na sita ziko mikononi mwa mtu anayechagua siku zake za kwenda kazini.

Ogier alimaliza msimu wa 2025 akiwa na miaka 41. Mwaka 2025 aliruka Sweden, Kenya na Estonia, na bado akawa bingwa. Evans wa Wales, aliyeshiriki zote 14, alimaliza nyuma yake kwa alama nne. Alama nne! Hii ilikuwa mara ya tano Evans kumaliza wa pili: 2020, 2021, 2023, 2024, na sasa 2025. Mtu anaweza kumwonea huruma hadi akakosa usingizi.

Wasioelewa huuliza, inawezekanaje anayekosa duru tatu amshinde asiyekosa? Jibu liko barabarani, na wakazi wa Naivasha wanalijua kuliko wachambuzi wengi. Siku ya kwanza ya mashindano, anayeongoza jedwali la dunia ndiye hutangulia. Kwenye changarawe kavu, wa kwanza anakuwa mfagiaji: anasukuma mawe madogo na mchanga kando, na wanaomfuata wanapita njia iliyosafishwa, magurudumu yakishika vizuri. Evans alikaa kileleni sehemu kubwa ya msimu, kwa hivyo akafagia, akafagia, akafagia. Ogier, kwa kuwa alikosa baadhi ya duru, alikuwa chini kwenye jedwali na akaanza nyuma. Alipita njia aliyosafishiwa na mwenzake wa timu ile ile.

Kwa hivyo mjadala wa kama Ogier atarudi 2026, na kwa duru ngapi, si mjadala wa mzee anayetafuta kazi ya kujipitishia wakati. Taji la kumi lingemtoa kwenye kiti anachokalia pamoja na Loeb na kumweka peke yake. Nani angekataa? Na akija, ataendelea kuwa mwiba kwa Evans hata wakivaa jezi moja. Kwa Mkenya jambo linalouma ni kwamba Ogier, mshindi wa Safari 2021 na 2023, hajatia mguu Naivasha kwa mashindano hayo 2024 wala 2025. Akikosa tena, basi kati ya washindi wote wa Safari tangu irejee kwenye mashindano ya dunia, atabaki Evans pekee, mshindi wa 2025.

Au ajitokeze mwingine. Takamoto Katsuta wa Japan hadi mwisho wa msimu wa 2025 hakuwa ameshinda duru hata moja ya dunia, lakini tazama anavyofanya Kenya: wa pili 2021, wa tatu 2022, wa nne 2023, wa pili 2024. Hakuna mahali pengine anapokaribia hivi mara nyingi hivi. Kama kuna ushindi wa kwanza unaomngoja mahali fulani, dau la busara ni Naivasha. Sami Pajari, kijana mwingine wa Finland aliyekuwa bingwa wa WRC2 2024, yuko kwenye foleni hiyo hiyo ya Toyota, mtulivu, haongei sana, na anaongeza kasi kila mwezi.

Gari la tatu la Hyundai

Huku sasa ndiko tetesi zimekolea. Neuville, bingwa wa 2024, ndiye nguzo. Mbelgiji huyu hajawahi kushinda Safari, na deni analoidai ni la tangu 2021: alikuwa anaongoza hadi asubuhi ya siku ya mwisho, gari likavunjika Loldia, ushindi ukaenda. Mwaka 2025 alikuwa wa tatu nyuma ya Evans na Tänak. Adrien Fourmaux, aliyejipatia jina Naivasha 2024 kwa kumaliza wa tatu na Ford Puma kabla Hyundai haijamchukua, ndiye anayetarajiwa kusimama kando yake.

Gari la tatu je? Kuchukua dereva mmoja mkubwa wa msimu mzima ni vigumu kwa sababu rahisi: hayupo. Waliobaki sokoni wenye ushindi wa dunia ni wakongwe, na majina yanayotajwa ni matatu. Dani Sordo wa Uhispania, aliyeshinda Sardinia 2019 na 2020 akiwa na Hyundai hiyo hiyo. Esapekka Lappi wa Finland, mshindi wa Finland 2017 na Sweden 2024. Na Hayden Paddon wa New Zealand, aliyeshinda Argentina 2016 kisha akasahaulika na ngazi ya juu, akaenda kuwa bingwa wa Ulaya 2023 na 2024.

Ukisoma vizuri historia ya karibuni, huenda wasimamizi wa Hyundai wasichague mmoja. Mwaka 2024 gari la tatu liligawanywa kati ya Sordo, Lappi na Andreas Mikkelsen, kila mmoja akipewa barabara anazozijua. Neuville akawa bingwa mwaka huo. Lakini taji la timu lilienda Toyota kwa alama tatu tu, 561 kwa 558, na hapo ndipo penye funzo chungu: gari la tatu si pambo. Mtu anayeliendesha mara nne kwa mwaka hafikii kasi ya anayeliendesha mara 14, hata awe na kipaji namna gani, na alama tatu hupotea mahali kama hapo. Fourmaux aliletwa 2025 hasa ili kuondoa mtindo huo wa kupokezana. Sasa Tänak ameondoka na mtindo unabisha hodi tena.

Kuna sababu nyingine ambayo husemwa kwa sauti ya chini. Kuanzia 2027 kanuni za magari zinabadilika, magari mapya, gharama zikiwekewa kikomo, na Hyundai haijasema wazi kama itakuwepo. Dereva kijana mwenye akili hataki kutia sahihi ya miaka mitatu na timu isiyojua itakuwa wapi baada ya mwaka mmoja. Mkongwe hajali, mwaka mmoja kwake ni baraka. Kwa hivyo usishangae ukisikia Sordo huku, Lappi kule na Paddon pale, mzigo ukabebwa kwa zamu.

Kwa M-Sport hakuna fumbo kubwa. Timu ya Malcolm Wilson haina mfuko wa kiwanda kama wenzake, na anayekuja huko mara nyingi huja na anayemlipia. Josh McErlean wa Ireland anaungwa mkono na akademia ya nchi yake. Grégoire Munster wa Luxembourg alikuwepo 2025, na Mārtiņš Sesks wa Latvia alionekana duru chache. Majina yanaweza kubadilika huko hadi wiki ya mwisho, na aliye na kasi zaidi si lazima awe ndiye anayepata gari.

Na Mkenya yuko wapi?

Katika majina yote haya, hakuna hata moja la Kenya. Si jambo geni, tumelizoea, na kuzoea huko ndiko kunakostahili kuulizwa.

Kulikuwa na wakati ambapo mambo yalienda kinyume. Kampuni za kuunda magari zilikuja Nairobi kutafuta madereva, kwa sababu ziligundua kwamba bila mtu anayeijua ardhi hii hazishindi. Joginder Singh alishinda Safari 1965 na Volvo, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano, 1973 kisha 1979 hadi 1982 mfululizo, zote na Datsun, na rekodi hiyo ya ushindi tano haijaguswa. Ian Duncan alishinda 1994 na Toyota. Safari ya siku hizo ilikuwa ya maelfu ya kilomita, barabara za umma, mvua za Aprili, na kujua ni mto upi umefurika kulikuwa na thamani kuliko sekunde tatu kwenye kona.

Safari ya leo ni fupi, imefungwa ndani ya mashamba na hifadhi za Naivasha na Elmenteita, mikondo inapimwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Mgeni anakagua barabara siku mbili na kuandika noti zake, basi. Ule ujuzi wa nyumbani umepungua bei. Kilichopanda bei ni gari, na kilomita ambazo kijana ameendesha katika gari hilo tangu akiwa mdogo.

Hapo ndipo hadithi ya Katsuta inafundisha zaidi ya ya Solberg. Hakuwa na baba bingwa wa dunia. Toyota ilimteua 2015 kwenye mpango wa kulea madereva wa Japan, akapelekwa Finland, akaanza chini, akapondaponda magari, akalipiwa mengine. Miaka sita baadaye alisimama jukwaani Naivasha. McErlean naye ana nchi nyuma yake. Nyuma ya kila jina jipya kwenye tetesi hizi kuna aliyelipa kwa miaka mingi bila kuona faida.

Kenya ilijaribu. Mwaka 2022 McRae Kimathi, ambaye jina lake linamkumbusha kila mtu Colin McRae aliyeshinda Safari 1997, 1999 na 2002, alienda kushindana kwenye theluji ya Sweden katika kitengo cha vijana, na mwelekezi wake Mwangi Kioni. Yeye, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome walipewa magari ya Ford Fiesta Rally3. Karan Patel alitwaa ubingwa wa Afrika 2023. Vipaji vipo. Lakini kutoka Rally3 hadi Rally1 kuna ngazi ambayo haipandwi kwa duru moja ya nyumbani kwa mwaka, na mdhamini anayetoa pesa kwa wiki ya Safari tu, picha zipigwe, kisha aonekane tena Machi ifuatayo, hajamjenga dereva. Amenunua bango.

Na muda si mwingi. Mkataba wa Safari kuwa kwenye mashindano ya dunia uliongezwa hadi 2026. Ikiwa hii ya Machi itakuwa ya mwisho au la ni mazungumzo ya meza nyingine, lakini Safari isiyo na Rovanperä, isiyo na Tänak na pengine isiyo na Ogier inahitaji jina la kumvuta mtu kutoka Kisumu au Mombasa alipe nauli hadi Vasha, alale ndani ya gari na aamke kabla ya jua.

Orodha rasmi ya washiriki wa Safari itatoka wiki chache kabla ya mbio. Juu kutakuwa na Rally1 za Toyota, Hyundai na Ford, zikiwa na wageni. Chini kabisa, baada ya WRC2, yataanza majina ya nyumbani, wengi wao wakiendesha magari waliyonunua kwa pesa zao wenyewe, na watapita saa nyingi baada ya Solberg, wakati nusu ya mashabiki watakuwa washakunja viti na kuelekea kutafuta nyama choma.